Namba Mbili kwenye Orodha

Daftari ninalo mpaka leo. Lina jalada la bluu na kurasa zilizoanza kujikunja pembeni, na juu ya ukurasa wa kwanza nimeandika kwa herufi kubwa: MAJINA 100. Namba 1 ni mama. Namba 2 ni mama mdogo. Namba 14 ni kinyozi wa pale chini barabarani. Namba 71 ni mwalimu wangu wa darasa la tano, ambaye nilikuwa sijamwona kwa zaidi ya miaka kumi. Namba 88 ni "dada wa vocha", kwa sababu jina lake sikulijua. Niliishia namba 93.

Orodha hiyo niliiandika nyumbani kwetu Mabatini, Mwanza, nikiwa nimekaa juu ya jiwe la nyuma ya nyumba. Kwetu nyumba zimepanda mlima zikibanana na miamba, na pale pasipojengeka ndipo watu hukaa jioni. Nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza na ulikuwa mwaka wa pili niko mtaani bila ajira. Siku mbili kabla ya hapo, rafiki niliyesoma naye alikuwa amenialika kwenye semina katika ukumbi wa hoteli mjini. Kampuni yenyewe sitaitaja. Iliuza virutubisho, dawa ya meno na kahawa "ya afya", kwa mpango ambao Tanzania tunauita biashara ya mtandao: unanunua kifurushi cha kujiunga, unauza bidhaa, unaingiza watu chini yako, nao wanaingiza wengine, na kila mtu wa chini yako anaponunua, kuna kitu kinapanda hadi kwako.

Kazi ya kwanza ya kila aliyejiunga ilikuwa ni hiyo orodha. "Andika majina mia," tuliambiwa. "Usimwamulie mtu. Mpe nafasi ajiamulie." Nikawaandika watu wote niliowahi kuwapenda, halafu wote niliowahi kuwajua, halafu niliowahi kununua kitu kwao.

Sasa nasoma shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili. Tunafundishwa kwamba matini ni matini, iwe utenzi au tangazo la mganga lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme, na kwamba kila utanzu una kanuni zake ambazo msimulizi huzifuata hata asipozijua. Biashara ya mtandao ina fasihi yake pia: ina orodha, ina mwaliko, ina ushuhuda, na ina kitabu chake. Wengi wameijadili kwa hesabu, na hesabu nitaifikia. Lakini mimi nilinaswa kwa maneno, na kwa maneno nikamnasa mtu mwingine. Ndiyo maana swali la kama biashara hii inawatendea haki wanaoingizwa nataka kuliuliza kwanza kwa kuyasoma maneno yake.

*

Tuanze na mwaliko. Kanuni yake kubwa ni kutoeleza. "Usimweleze mtu kwenye simu," aliniambia aplaini wangu, yaani yule rafiki aliyeniingiza na ambaye sasa alikuwa juu yangu. "Ukieleza utaharibu. Mwambie kuna fursa, aje asikie mwenyewe." Na mimi ndivyo nilivyoalikwa: Dada, Jumamosi uko wapi? Kuna kitu nataka ukione. Vaa vizuri.

Fursa ni neno zuri, lakini halina kitu ndani mpaka mtu alijaze. Ukimwambia mtu kuna kazi, atauliza kazi gani na mshahara kiasi gani. Ukimwambia kuna biashara, atauliza mtaji. Ukimwambia kuna fursa, aliyekaa miaka miwili bila ajira analijaza mwenyewe kwa kile alichokikosa. Hata neno "mtandao" lilinisaidia kuficha. Mama mdogo alidhani ni mambo ya intaneti, ya simu, ya vijana waliosoma, na akafurahi kwamba mtoto wa dada yake amemkumbuka. Sikumsahihisha. Mtandao uliokusudiwa ulikuwa yeye mwenyewe, pamoja na wanakwaya wenzake na majirani zake.

Makubaliano ya haki huanza pale kila upande unapojua unakubali nini. Mwaliko ule uliandaliwa ili mtu asijue mpaka awe ameshaketi, muziki unapigwa, na aliyemleta amekaa kiti cha pembeni. Ukiinuka hapo hujaikataa biashara tu; umemwaibisha ndugu yako mbele za watu. Na uswahilini kwetu mtu anaweza kutoa fedha nyingi ili asimwaibishe ndugu.

*

Halafu wakapanda mashahidi. Nimekulia kanisani, kwa hiyo hatua zao nilizijua kabla hawajashika kipaza sauti: nilikuwa hivi, nikakutana na hiki, sasa niko hivi. Alikuwapo mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa akikopa unga dukani. Alikuwapo mama wa nyumbani aliyekuwa akiomba nauli kwa mumewe, na dereva wa bodaboda ambaye pikipiki haikuwa yake. Kila mmoja alikaa muda mrefu kwenye umaskini wa mwanzo na muda mrefu kwenye gari la mwisho. Katikati alipita kwa sentensi moja: "Haikuwa rahisi, lakini nilijituma."

Ningekuwa nasahihisha insha ya mwanafunzi, hapo katikati ndipo ningezungushia kalamu nyekundu. Alijituma vipi? Kwa miezi mingapi? Alinunua bidhaa za kiasi gani ili asishuke ngazi? Kati ya aliowaingiza, wangapi bado wapo? Ushuhuda huu unaruka mahali palepale ambapo msikilizaji angepata kitu cha kupimia.

Kuna kitenzi kimoja kilichofanya kazi kuliko vyote: kuingiza. "Naingiza milioni mbili kwa mwezi." Ukumbi unapiga makofi. Lakini kuingiza si kubaki nazo. Mama mdogo, ambaye anauza dagaa tangu sijazaliwa, hawezi kukuambia ameingiza kiasi gani bila kukuambia ametoa kiasi gani, maana kwake ya kwanza bila ya pili si habari. Pale ukumbini kitenzi kilisimama peke yake, na sisi wasomi tukakiacha kisimame. Baadaye niligundua kwamba ni kitenzi hichohicho tulichokitumia kwa binadamu: unaingiza fedha, unaingiza watu. Tulikuwa tunasema ukweli bila kujisikia.

Katika ushuhuda wa kanisani adui ni shetani, na shetani yuko nje yako. Kwenye semina adui yuko ndani: uvivu, woga, "mawazo ya kimaskini". Kwa hiyo aliyeshindwa hana wa kumlaumu isipokuwa nafsi yake, na hana jukwaa. Sijawahi kuona semina ikimwita mtu apande aseme: niliingia, nikanunua, nikakosa wa kumuuzia, nikaondoka. Waliopita njia hiyo huitwa waliokata tamaa, kisha hawatajwi tena. Kisa hicho nimekikuta mara nyingi mno miongoni mwa watu niliojiunga nao, na ndicho kisicho na msimulizi.

*

Mwisho wa semina nilipewa fotokopi ya kitabu cha Robert Kiyosaki, *The Business School for People Who Like Helping People*, kilichotoka mwaka 2001. Kiyosaki ni yule Mmarekani wa Hawaii aliyejulikana kwa *Rich Dad Poor Dad*. Nilikisoma kwa usiku mmoja, nikapigia mistari kila ukurasa. Mwaka huu nimekisoma tena, safari hii nikiwa sina haraka ya kutajirika.

Kitabu kina akili kuliko tuliokuwa tukikigawa. Mwandishi anakiri wazi kwamba utajiri wake hakuupata kwenye biashara ya mtandao. Anachotetea ni thamani nane za biashara hiyo mbali na kupata fedha: kwamba mlango uko wazi kwa kila mtu, kwamba unapata elimu ya biashara, marafiki wa kukuinua badala ya kukushusha, mazoezi ya uongozi, na kadhalika. Kwa ufupi, kampuni hizi ni shule ambamo mtu wa kawaida anajifunza kuuza, kukataliwa na kuendelea.

Sehemu ya hoja hiyo naikubali. Mimi mwenyewe nilijifunza kusimama mbele za watu bila kutetemeka, na mpaka leo ninapowasilisha kazi darasani nayatumia mafunzo hayo. Nilimwona mama mmoja mfanyakazi wa ndani, mtu mzima, akishika kipaza sauti kwa mara ya kwanza maishani, akataja jina lake na ukumbi mzima ukampigia makofi. Niliuona uso wake. Hatuna mahali pengi ambapo mfanyakazi wa ndani huitwa kiongozi. Anayezicheka semina hizi bila kuona hilo hajaelewa kwa nini kumbi hujaa.

Lakini itazame hoja inavyojilinda. Ukipata fedha, biashara ni nzuri. Ukikosa, ilikuwa shule, na ulichopoteza ni ada. Hakuna tokeo lolote linaloweza kuipinga. Darasani tukikutana na hadithi ya namna hiyo tunasema mwandishi amejihukumia mwenyewe ushindi kabla msomaji hajafungua kinywa. Isitoshe, shule hutaja ada yake mlangoni. Hakuna aliyetuambia, "Lipa shilingi 380,000 ujifunze kuongea mbele za watu." Wangesema hivyo, mama mdogo angecheka. Yeye huongea na watu kutwa, na wanaondoka na dagaa.

*

Sasa hesabu. Ubaoni walichora duara moja, wakaandika "WEWE", na chini yake maduara matano. Tafuta watano tu. Kila mmoja naye atafute watano. Tano, 25, 125, 625. Mchoraji aliishia hapo kwa sababu ubao ulijaa.

Niliendelea mwenyewe kwenye daftari, nikiwa nimeshachelewa. Ukifika ngazi ya kumi chini yako, jumla ya watu wako ni 12,207,030. Mkoa mzima wa Mwanza, kwa Sensa ya 2022, ulikuwa na watu 3,699,872. Ukishuka ngazi moja tu zaidi, jumla inakuwa 61,035,155. Sensa hiyohiyo ilihesabu Watanzania 61,741,120, pamoja na watoto wachanga. Ngazi kumi na moja chini ya duara langu, nchi imekwisha.

Wenye semina wana jibu: watu wanazaliwa kila siku, na tena si kila mtu atajiunga. Haya, basi mti usikue hivyo. Upande wa pili wa hesabu ndio ulioniuma zaidi. Katika mti wa watano-watano, uwe mfupi au mrefu, karibu wanne kati ya kila watano wako ngazi ya mwisho kabisa na hawana mtu chini yao. Ukizichukua ngazi mbili za mwisho pamoja, unapata karibu watu 96 katika kila 100. Mchoro haujauliza nani amejituma. Jaza ukumbi watu wenye bidii sawa na akili sawa, na bado walio wengi watakuwa chini, kwa sababu mmoja hawezi kuwa na watu chini yake mpaka hao watu wawe chini.

Husemwa pia kwamba hata ofisi ni piramidi, bosi mmoja juu na wafanyakazi wengi chini. Lakini mfagizi wa ofisi hanunui kitu kila mwezi ili aruhusiwe kubaki mfagizi, wala mshahara wa bosi hautoki kwenye mchezo wa mfagizi.

Hesabu yangu mimi ni fupi. Nilikaa miezi saba. Kifurushi cha kujiunga, 380,000. Manunuzi ya lazima ili nihesabike kuwa "hai", 90,000 kwa miezi sita, yaani 540,000. Nauli, viingilio vya semina na suti ya kukodi, 150,000. Jumla 1,070,000. Mauzo ya bidhaa yaliniletea 310,000 na kamisheni 118,000. Nilipoteza shilingi 642,000, nyingi zikiwa ni fedha mama alizonikopea kwenye kikoba chake. Na katika zile 118,000 za kamisheni, 57,000 zilitoka kwenye kifurushi cha mama mdogo.

*

Yeye alizipata wapi hizo 380,000? Kwenye mchezo. Walikuwa wanawake kumi wa mtaani, kila mmoja akitoa 40,000 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja akichukua 400,000. Zamu yake iliangukia mwezi ule. Zilikuwa ziende Kirumba, soko la Mwaloni, kununua magunia ya dagaa. Zikaja kwangu. Kwa 20,000 iliyobaki alinunua daftari, kalamu, na viatu vya kuendea semina.

Mchezo huo una jina jingine, upatu, na hapa lugha yetu imefanya jambo linalonisumbua. Neno hilohilo ndilo magazeti na mahakama hulitumia kwa ulaghai wa piramidi. Wengi tunaikumbuka DECI, iliyowaambia watu wapande mbegu kisha wavune. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na viongozi wake walipotiwa hatiani katika Mahakama ya Kisutu mwaka 2013, kosa lao kwa Kiswahili liliitwa kuendesha upatu. Neno la akina mama kumi wanaoaminiana likapandishwa kizimbani.

Vitu hivi viwili havifanani hata kidogo. Upatu wa mtaani ni duara. Watu ni kumi na miezi ni kumi, na kila mmoja anapokea sawasawa na alichotoa. Kinachotofautiana ni zamu tu. Wa mwisho anachukua 400,000 kama wa kwanza. Hakuna anayefaidika kwa sababu mtu mpya ameingia, kwa hiyo hakuna sababu ya kumrubuni mtu aingie. Hatari ipo, kijumbe anaweza kutoroka na fedha, lakini kwao panajulikana. Mtandao unaazima uaminifu huohuo, undugu uleule wa "tuinuane", kisha unalikata duara na kulinyoosha liwe ngazi.

Hata hivyo kampuni niliyojiunga nayo haikuwa DECI, na haki inadai niseme hivyo. DECI ilikusanya fedha kwa ahadi ya fedha zaidi. Sisi tulikuwa na bidhaa. Dawa ya meno ilikuwa dawa ya meno kweli. Hapo ndipo Marekani ilipochora mstari zamani. Mwaka 1979 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya nchi hiyo iliamua kwamba Amway si piramidi haramu, kwa kuwa ilikuwa na kanuni za kuwabana wasambazaji wake: kumrudishia fedha anayejitoa na bidhaa ambazo hazijauzwa, kuuza angalau asilimia 70 ya mzigo wa mwezi, na kuwa na wateja kumi wa rejareja. Uamuzi huohuo uliiamuru Amway iache kutia chumvi kwenye mapato inayowaahidi watu. Sehemu ya kwanza ya uamuzi huo niliisikia kwenye semina. Ya pili niliikuta maktaba.

Mwaka 2016 tume hiyo ilifikia makubaliano na Herbalife. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 200 na kubadili mfumo wake, ili angalau theluthi mbili ya malipo kwa wasambazaji itokane na mauzo ya rejareja yaliyothibitishwa. Januari 2017 hundi zikaanza kutumwa kwa watu karibu 350,000, nyingi za kati ya dola 100 na 500. Nilipoisoma habari hiyo niliwafikiria hao watu na ndoo zao chini ya vitanda.

Swali lililo nyuma ya maamuzi hayo mawili ni jepesi: nani anayenunua mwishoni? Nililipeleka kwenye daftari langu. Kahawa ya afya tuliinywa wenyewe. Dawa ya meno tulipigia mswaki wenyewe, kwa bei ya karibu mara nne ya ile ya dukani kwa Mpemba. Wengi wa walionunua kwangu walikuwa wanachama wenzangu waliopungukiwa na mzigo wa mwezi. Mteja wa kweli, asiyetaka kuwa tajiri bali kupiga mswaki tu, nilimpata mmoja. Alikuwa kinyozi, namba 14, na alinunua mara moja kwa kunionea huruma.

*

Mama mdogo alinunua bidhaa kwa miezi mitatu kisha akaacha, kimya kimya. Alikuwa ameandika majina yake 100 na hakumwingiza hata mmoja. Mwaka jana nilirudi likizo, nikaenda kumsalimia. Chini ya kitanda niliiona ndoo ya plastiki yenye mfuniko, imejaa pakiti zilizopita muda wake. Nilimwambia, "Mama, naomba unisamehe kwa lile jambo."

Akanitazama kama mtu anayetafuta ni jambo lipi. "Labda mimi sikujituma, mwanangu," akasema. "Wewe ulinifundisha vizuri."

Jibu hilo nimelifikiria kuliko kitabu chochote nilichosomeshwa, kwa sababu namjua mama mdogo akipata hasara. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti kitu, dagaa huadimika na bei hupanda. Mvua ikinyesha siku ya kuanika, mzigo unaharibika. Amepata hasara mara nyingi tangu niko mdogo, na sijawahi kumsikia akisema hakujituma. Husema mwezi ulikuwa mkubwa. Husema mvua. Husema yule bwana alinichanganyia mchanga, simrudii tena. Na akikosea mwenyewe husema hivyo pia. Kujua lipi ni kosa lako na lipi si lako ndiko kulikomweka sokoni miaka yote hiyo. Hasara niliyompelekea mimi ndiyo ya kwanza ambayo hakuitafutia sababu nje yake, na maneno ya kujilaumia aliyapata kwangu.

Kujituma ni kufanya kazi bila kutumwa na mtu. Mama mdogo hakujituma kwenye lile jambo, nilimtuma mimi. Nami nilitumwa. Nimemuuliza rafiki yangu aliyenialika, na sasa tunaweza kuongea, akaniambia kwamba siku ile ukumbini alikuwa anadaiwa kodi ya miezi minne na suti yake ilikuwa ya kukodi kama yangu. Mimi nilikuwa namba 6 kwenye orodha yake. Hakuwa tapeli. Alikuwa mtu aliyeambiwa kwamba njia ya kurudisha hasara yake ni kuitafutia mtu mwingine wa kuibeba, na kwamba kufanya hivyo ni kumsaidia.

Kwa hiyo, je, biashara hii inawatendea haki wanaoingizwa? Ile niliyoijua, hapana. Sisemi hivyo kwa sababu watu hupata hasara, maana hakuna biashara isiyo na hasara. Nasema hivyo kwa sababu aliyeniingiza alijua kitu ambacho sikuruhusiwa kukijua kabla ya kulipa, kwa sababu nafuu yake ilitegemea kuingia kwangu, na kwa sababu tuliposhindwa tulifundishwa kujihukumu badala ya kuuliza. Atakayekuja kwako na fursa mwulize mambo matatu kwenye simu hiyohiyo, kabla ya kuvaa vizuri: mwezi uliopita umebaki na kiasi gani, si umeingiza kiasi gani, nani ananunua bidhaa hizi bila kuwa mwanachama, na mimi nikilipa, wewe unapata ngapi? Akisema hayo hayaelezwi kwenye simu, ameshakujibu.

Hilo swali la tatu mama mdogo hakuniuliza, na mimi sikumwambia. Niliificha ile 57,000 kwa miaka mitatu. Mwezi uliopita nilizipata fedha hizo kutokana na kazi ya kusahihisha mitihani, nikampelekea mkononi.

"Za nini hizi?" akauliza.

Nikamweleza kwamba siku ile alipolipa 380,000, kampuni ilinitumia mimi 57,000 kutoka humo, na kwamba ndivyo mpango ulivyo.

Alikaa kimya kidogo. "Kumbe ulilipwa," akasema.

Kisha akazihesabu mara mbili, akatenga 40,000 pembeni kwa ajili ya kijumbe, maana ilikuwa wiki ya mchezo.